Dubu wa Kigamboni

Mafundi wa kroshia, hongereni. Mtoto wa Kigamboni katoka arobaini juzi, leo keshavalishwa dubu wawili miguuni, wa uzi mzito, masikio yamesimama, Februari hii ya nyuzi joto 32. Dubu mwenyewe hana pori lake Afrika Mashariki nzima. Wa kwetu je? Tembo anapata nafasi. Twiga kwa taabu, shingo haina pa kukaa. Fisi ndiye hana mteja kabisa: mfumie mjukuu wa watu fisi, kisha jiandae kuulizwa umetumwa na nani.

Bei sasa. Usiku kucha unahesabu vitanzi, macho unayadarizi kwa uzi maana kitufe kikinyofoka kinaishia kooni, halafu mteja anakuuliza, "Si uzi tu, dada?" Huyo huyo aliyelipia keki ya arobaini bila kupepesa. Mvaaji naye kukaa hajui, seuze kutembea. Anapiga teke moja ndani ya bajaji, dubu wa kulia yuko barabarani. Bibi yake hana neno. Kesho anaagiza jozi nyingine, safari hii panda.