Betri Imekufa Masako: Mwongozo wa Kumrudishia Muuzaji Kitu Chake Kibovu

Kutoka Kisangani mjini hadi Masako ni kilomita kama 14. Unavuka mto Tshopo, unashika njia ya zamani ya Buta, na mvua ikinyesha, kilomita hizo zinaongezeka zenyewe. Mtu aliyeuza makaa au mihogo mjini, akarudi na taa ya jua, amenunulia watoto saa za kusoma usiku. Taa ikizimika siku ya tatu, hasara ni mbili: bei ya taa, na nauli ya moto (pikipiki) ya kwenda kuidai bei hiyo. Wengi wakipiga hesabu ya nauli wanaitupia taa juu ya dari, wananyamaza. Muuzaji mbaya anakula kwa kimya hicho. Fuata hatua hizi umnyime.

1. Anza kurudisha kabla hujanunua

Mikataba ya mauzo katika Kongo bado inasimama juu ya amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi ya Leopold II. Sheria hiyo inasema wazi: kasoro inayoonekana ni mzigo wa mnunuzi. Sufuria yenye ufa ambao ungeuona kama ungeigeuza, ni yako, ufa na vyote.

Basi igeuze. Bidoni ijaze maji. Redio izungushe mawimbi yote. Paneli ya jua itoe nje juani, uifunge kwenye taa yenyewe utakayoitumia. Simu itie kadi yako, umpigie jirani, usikie sauti yake na yeye asikie yako. Muuzaji akisema, «Mama, hii ni mpya, haifunguliwi,» mjibu kwa upole: «Papa, mimi nakaa Masako. Tufungue hapa tukiwa marafiki, kuliko nifungue kule peke yangu.» Akikataa kabisa, mwachie kitu chake. Pesa ikiwa bado mfukoni, huhitaji sheria yoyote.

2. Ruhusa ya kubadili mawazo: patana mapema

Ndugu yako wa Brussels atakuambia kwamba kule unarudisha kitu ndani ya siku 14 bila kutoa sababu. Ni kweli, lakini kanuni hiyo ya Umoja wa Ulaya ni ya vitu vilivyonunuliwa kwa mbali, kama vile kwa intaneti. Aliyeingia dukani na kuchagua mwenyewe hana haki hiyo hata huko Ulaya, mpaka duka likubali. Rangi kukuchosha, au shemeji kukuletea sufuria kama hiyo hiyo, si kasoro ya sufuria.

Kwa hiyo sema kabla ya kulipa: «Yaya, viatu hivi ni vya mtoto aliyebaki nyumbani. Visipomwenea, nitavibadilisha Jumamosi.» Akikubali, aandike.

3. Toka na karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fakti iwe na tarehe, jina la duka, aina ya kitu, namba yake kama ipo, bei, na siku za garanti. Duka halina kitabu cha fakti? Ukurasa wa daftari la shule wenye sahihi ya muuzaji unatosha kuanzia. Kama umelipa kwa simu, usifute ule ujumbe wa malipo. Kwa muuzaji wa kando ya barabara, chukua namba yake ya simu, umpigie palepale uone kama inaita, na umnunulie mbele ya mtu anayekufahamu.

4. Usitishwe na maandishi ya chini

Fakti nyingi zina mstari usemao kwamba mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Watu wengi wakiusoma wanageuza njia. Wewe endelea kuingia.

Amri ile ile ya 1888, kuanzia kifungu cha 318, inamfanya muuzaji ajibu kwa kasoro iliyofichika inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Anajibu hata kama hakuijua, isipokuwa mlipatana kwamba hatatoa dhamana. Lakini patano hilo linamkinga yule tu ambaye kweli hakujua. Aliyeuza betri akijua imekufa hawezi kujificha nyuma ya mstari wa fakti. Huyo anadaiwa bei pamoja na fidia ya hasara aliyokusababishia, na hapo ndipo utaje nauli yako. Uchaguzi nao ni wako: urudishe kitu upewe pesa yote, au ubaki nacho urudishiwe sehemu ya bei.

Kwa hiyo ulizia kijijini nani mwingine alinunua betri za duka lile. Kama watatu walikwisha kuzirudisha kabla hujanunua yako, muuzaji hawezi tena kusema hakujua.

5. Rudi upesi, rudi vizuri

Sheria haikuhesabu siku. Inataka udai ndani ya muda mfupi, kufuatana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Piga simu jioni ileile taa ilipozimika, kisha utume ujumbe ili tarehe ibaki. Usimpe fundi aifungue. Akishaifungua tu, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu, na utakuwa umempa neno la kusema.

Kama mko watatu wenye shida na duka moja, mmoja apande moto na vitu vyote, nauli mgawane. Asifike alfajiri, hakuna mfanyabiashara anayefurahi kufungua siku kwa kutoa pesa. Afike wakati wateja wamejaa, asalimie, aseme kwa sauti ya kawaida inayosikika: «Papa, nimekuja tumalize jambo.» Aonyeshe karatasi, akiwashe kitu mbele ya watu, kisha adai jambo moja tu: pesa, au kingine kizima. Matusi yaachwe nyumbani. Ukimtukana muuzaji, wateja wanasahau betri na kuanza kusikiliza ugomvi.

6. Akikataa, panda ngazi

Anza na viongozi wa soko, halafu shefu wa kartye. Wakishindwa kuwapatanisha, iko tribinali ya amani, inayopokea kesi ndogo za raia. Usipoteze siku kupeleka redio yako OCC: ofisi hiyo inakagua ubora wa bidhaa, hairudishii mtu pesa yake. Lakini betri iliyolipuka au chakula kilichooza, peleka habari huko, maana kesho vitamfikia mwingine.

Na wewe unayenunua mjini ili uuze tena kwenye kibanda chako Masako, sheria yako ni nyingine. Kongo iko chini ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu Septemba 2012, na kanuni zake za mauzo ni za wafanyabiashara kati yao. Kasoro inayoonekana unapopokea mzigo, mwarifu muuzaji ndani ya mwezi 1. Iliyofichika, ndani ya mwaka 1 tangu ulipoigundua au ulipopaswa kuigundua. Ukichelewa, haki imekwenda. Nawe ujue kwamba mama anayenunua tochi kibandani kwako ana juu yako haki zote za hatua ya 4.

7. Maliza kazi kwa mdomo

Sheria iko mbali na Masako, lakini habari inafika siku ileile. Mwenye duka aliyekubadilishia betri bila kelele, mtaje kanisani, mtaje kisimani, mtaje panaponywewa lotoko, ili pesa ya kijiji iende kwake. Aliyekataa, mtaje pia, ukiwa na karatasi mkononi na bila kuongeza hata neno moja juu ya yaliyotokea.