Mwongozo wa Kujikinga Unapofundisha Mazingira kwa Kiingereza

Mwalimu, ukiingia Kidato cha Pili na mada ya mazingira, dubu wa barafu mwache ofisini. Najua yumo kitabuni, amesimama juu ya pande linaloyeyuka, na anatia huruma. Lakini watoto wa Dar es Salaam watamtazama kwa adabu, watanakili jina lake, kisha mmoja wa dawati la nyuma atauliza kama hutoka kwenye mtihani. Ukijibu hapana, dubu amekufa.

Usiwaulize pia tufanye nini ili kuyatunza mazingira. Darasa zima litaitikia, kwa sauti ileile ya kukuamkia asubuhi, kwamba tupande miti. Sentensi hiyo wanaijua tangu shule ya msingi na haina kosa hata moja la sarufi. Utafurahi, na mpaka kengele ilie hutasikia Kiingereza kingine isipokuwa chako. Heri uwasimulie habari za Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya: mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, akatukanwa hadi bungeni, na jengo halikujengwa. Hapo angalau pana ugomvi, na kijana wa miaka kumi na mitano ugomvi haumpiti.

Ila ukitaka waseme kweli, taja mifuko ya rambo. Ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wao wakiwa bado wadogo, lakini habari zake wanazo kuliko wewe. Na hapa ndipo hatari inapoanza. Binti ambaye tangu Januari hajafungua mdomo atasimama, atavuruga nyakati zote za vitenzi katika sentensi moja, na kulieleza darasa kwamba ubuyu wa getini unafungwa kwenye vinailoni vyembamba, kwamba vinailoni hivyo huishia kwenye mtaro nyuma ya vyoo, na kwamba wateja wakubwa wa ubuyu ni walimu. Usimsahihishe. Ukimkatiza kwa ajili ya kitenzi ataketi, na hutamsikia tena mpaka mahafali. Makosa yaandike pembeni, uyafundishe kesho bila kumtaja mtu. Ubuyu wako, kama umo mfukoni, ubaki humohumo.

Usihangaike kuwapa msamiati wa moshi, taka na mafuriko. Huo wataupata kitabuni. Wanachokosa ni maneno ya kubishana: sikubaliani nawe, umesahau jambo moja, ungekuwa wewe ungefanyaje. Yaandike ubaoni kabla ya mdahalo. Mtu akikwama akachomeka Kiswahili, mwache amalize, kibao cha nje kinachoamuru Kiingereza tu kiseme kinavyosema.

Mada ya mkaa ijie ukiwa umejiandaa. Utakuta mmoja amekariri madhara yake yote, anayamwaga bila kupumua. Kisha atainuka kijana ambaye mama yake anauza mkaa kwa kopo, aulize kwa Kiingereza cha kuungaunga: mtungi wa gesi hulipiwa wote kwa mkupuo, mkaa wa jioni moja hununuliwa kwa hela ya jioni hiyo, sasa asiye na hela ya mtungi ale nini? Usikimbilie kumjibu. Wageukie wenzake, uwape dakika kumi. Nimewahi kuona darasa bubu likigombea zamu ya kusema kwa sababu ya swali la namna hiyo.

Kuhusu mafuriko ya Mto Msimbazi, kuwa na staha. Usiulize nani hapa nyumba yake iliingia maji. Anayetaka kusema atasema; wengine godoro walilianika barabarani, na hawataki kulianika tena darasani.

Mwishowe watageukia dirisha. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, nao wanauona moshi wa jiko la shule ukipanda nyuma ya bwalo. Watakuuliza. Usiwaambie wafungue kitabu. Waambie waandike barua rasmi kwa mkuu wa shule, kwa Kiingereza, yenye anwani, kichwa cha habari na sababu. Utakuwa umepata zoezi la uandishi bila kutumia chaki.

Mkuu akikuita kukuuliza zile kelele zilikuwa za nini, mwambie ni kipindi cha Kiingereza. Kisha mkabidhi barua.