Saba ya Shemeji

Shemeji yangu ni mtu wa namba kubwa. Televisheni huichagua kwa inchi, simu kwa megapikseli. Basi alipotaka laptopu ya kuwekea hesabu za michango ya harusi ya mdogo wake, tulifika Kariakoo hata bei hakuuliza. Aliuliza, "Ipo i7?"

Ilikuwepo. Muuzaji akaifuta kwa mkono wa shati na kuhakikisha stika imetutazama sisi. Kando yake palikuwa na i5 iliyochubuka pembe, nayo imeizidi bei kwa laki moja na nusu. Shemeji akaninong'oneza kwamba jamaa amechanganya bei. Tano izidi saba?

Nikaomba kuziwasha zote mbili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, na mashine inajitaja yenyewe. Ya kwanza i7-3520M. Ya pili i5-8250U. Habari yote imo kwenye hizo tarakimu za nyuma, ambazo stika kwa adabu zake huzinyamazia. Ile 3 ni kizazi cha tatu, cha mwaka 2012, kori 2, wati 35. Ile 8 ni kizazi cha nane, 2017, kori 4, wati 15. Tena Windows 11, kwa orodha ya Microsoft, kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, na Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Kwangu mimi, ile laki moja na nusu ndiyo ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote mle dukani.

"Bosi, soma mwenyewe," muuzaji akadakia, kidole juu ya kioo. "Hii gigahezi 2.9. Ile 1.6."

Hapo nikajua nimekwisha. Nilieleza kwamba 1.6 ni mwendo wa kuanzia tu, kazi ikizidi inapanda hadi 3.4, na hata mwendo ukilingana prosesa mpya hufanya mengi zaidi kwa kila pigo. Nilikuwa nauelezea mgongo. Shemeji alikuwa anahesabu noti.

Kwenye kikao cha harusi, alipofungua orodha ya michango huku kivinjari kina video ya ukumbi, feni ilianza kuvuma. Katibu alisoma majina, hayakusikika. Mwenyekiti akaomba kijana mmoja atoke nje akazime jenereta. Kijana alizunguka nyumba nzima, akarudi kusema hakuna jenereta.

Juzi shemeji ameitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "i7, gigahezi 2.9, haijawahi kusumbua." Shangazi akanipigia pembeni kuniuliza kama ni mashine nzuri. Nikavuta pumzi, nikaanza na zile tarakimu za nyuma.

"Nimeshamtumia laki moja ya kuishikilia, mwanangu," akanikata. "Kuna mwingine anauza i5, eti bei juu. Wezi hao."