Jinsi ya Kupewa Kadi Kwenye Raga: Hatua Sita na Kamba Moja

Zilikuwa zimebaki dakika saba hivi fainali ya Kombe la Dunia la Raga la mwaka 2023 iishe pale Stade de France. Cheslin Kolbe, winga wa Afrika Kusini, alitoka uwanjani, akaketi kwenye kiti cha adhabu, akavuta jezi yake mpaka ikamfunika uso. Timu yake ilikuwa inaongoza New Zealand kwa alama 12 dhidi ya 11. Jordie Barrett akapiga penalti ya mbali iliyotokana na kosa la Kolbe mwenyewe, na mpira ukapita nje ya mlingoti. Afrika Kusini ikabeba kombe. Lakini dakika zile za mwisho Kolbe alikuwa mmoja wa watu wachache duniani waliokuwa karibu kabisa na fainali na wasioweza kuitazama.

Mwongozo huu unakupeleka kwenye kiti kile. Nimeuandika kinyumenyume kwa makusudi. Ukimwambia kijana wa miaka 15 "usifanye hivi", anasikia nusu. Ukimshika mkono ukampitisha njia nzima mpaka mwisho wake, shimo analiona kwa macho yake.

Kwanza, zijue kadi zenyewe

Raga ilizikuta kadi kwenye soka. Refa Mwingereza Ken Aston ndiye aliyezibuni baada ya kutazama taa za barabarani, na zikatumika kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la soka kule Mexico mwaka 1970. Raga ikazipa uzito wake. Kwenye soka, kadi ya njano ni onyo na mchezo unaendelea nawe ukiwemo. Kwenye raga inakutoa. Unakaa nje dakika 10, na wenzako 14 wanaubeba mzigo wako mbele ya watu 15.

Kwenye raga ya wachezaji saba kila upande, ile ambayo mashabiki wa Nairobi wameizoea kupitia Safari Sevens, unakaa nje dakika mbili. Usizidharau. Mechi yenyewe ni ya dakika 14, na ndani ya dakika mbili timu ya watu sita inaweza kufungwa trai mbili na kurudi nyumbani.

Njano mbili ni nyekundu. Nyekundu maana yake siku yako imekwisha, na kazi iliyobaki ni ya kamati ya nidhamu.

Hatua ya kwanza: simama wima

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Mwenye mpira anakujia mbio. Usikunje goti, usishushe nyonga, mngoje ukiwa umesimama kama mlingoti. Bega lako litakutana na taya lake, au paji lako na paji lake, na hapo refa ataanza kujiuliza maswali manne. Je, kichwa kimeguswa? Je, aliyekaba alifanya kosa? Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani? Je, kuna jambo la kupunguza uzito wa kosa, kwa mfano mwenye mpira aliinama ghafla dakika ya mwisho?

Sam Cane, nahodha wa New Zealand, aliyapitia maswali yote manne katika fainali hiyo ya 2023. Kabla ya dakika ya 30 alimkaba Jesse Kriel akiwa juu mno, na bega likamfikia Kriel kichwani. Refa Wayne Barnes alimpa njano, kisha akaliacha jambo mikononi mwa afisa wa video, ambaye hupewa dakika nane kuirudia picha pole pole na kuamua kama njano inatosha. Haikutosha. Cane akapata habari akiwa ameketi kwenye kiti, na akawa mtu wa kwanza kutolewa kwa kadi nyekundu katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Wenzake walicheza zaidi ya nusu ya mechi wakiwa 14, wakashindwa kwa alama moja.

Mwanzoni mwa kipindi cha pili, Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, naye aligongana kichwa na Ardie Savea. Njano. Afisa wa video akaangalia, akaona hatari haikufikia kiwango cha nyekundu, na Kolisi akarudi. Watu wamebishana tangu siku hiyo kama mizani ilikuwa sawa. Mimi najibu kwamba manahodha wote wawili walikaba wakiwa wima kuliko walivyopaswa. Anayekaba akiwa wima amemkabidhi mtu mwingine hatima yake, na hana haki ya kushangaa akihukumiwa asivyotaka.

Hatua ya pili: mnyanyue kisha mwachie

Mshike mwenzako miguu, mnyanyue mpaka miguu ipite kiuno, kisha mwachie aanguke kwa kichwa au mabega. Sam Warburton, nahodha wa Wales, alifanya hivyo kwa Vincent Clerc wa Ufaransa katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2011 pale Eden Park, Auckland. Mechi haikuwa imefikisha dakika 20. Refa Alain Rolland akatoa nyekundu papo hapo. Wales ilipigana saa nzima ikiwa na watu 14 na kushindwa 9 kwa 8.

Warburton hakuwa mtu mkorofi, wala hakuna aliyesema alikusudia kumvunja Clerc shingo. Hilo ndilo somo la hatua hii. Refa hahukumu moyo. Huhukumu mwili ulikoangukia.

Hatua ya tatu: mfuate aliye hewani

Mpira umepigwa juu, mpinzani ameruka kuudaka, nawe umefika ukiwa umechelewa. Endelea kukimbia. Mtu aliye hewani hana mguu wa kumshika, na akiguswa miguuni anapinduka kama gunia lililotupwa toka kwenye lori. Elliot Daly wa Uingereza alimgonga Leonardo Senatore wa Argentina namna hiyo pale Twickenham mwezi Novemba 2016, na dakika ya tano tu akawa amekwenda. Uingereza ilishinda hata hivyo, 27 kwa 14, na kila mmoja wa wale 14 waliobaki alikimbia sehemu ya Daly.

Anayekimbilia mpira wa juu ana uhuru mmoja tu: kuruka pia, kwa nia ya kweli ya kuudaka. Asipoweza kuruka, asimame angoje mwenzake atue.

Hatua ya nne: nyoosha mkono mmoja

Mpinzani anapasia, wewe uko njiani, pasi ikifika winga wao anafunga. Peleka mkono mmoja, upige mpira uanguke mbele. Refa atauliza kama kweli ulikuwa na uwezo wa kuudaka. Mkono mmoja, kiganja kikitazama chini, hujibu swali hilo kwa niaba yako. Hivi ndivyo Kolbe alivyokifikia kiti chake.

Hatua ya tano: koseni kwa zamu

Hii ni kadi ya pamoja. Mmoja aotee, mwingine aingize mkono ndani ya raki, wa tatu aangushe skramu, na yote hayo karibu na mstari wenu wa trai. Refa atamwita nahodha na kumwambia kosa linalofuata lina kadi. Atakayekosa baada ya hapo ndiye atakayeondoka, hata kama ni kosa lake la kwanza siku hiyo. Kosa likizuia trai iliyokuwa lazima ifungwe, wapinzani wanapewa trai ya adhabu yenye alama saba bila hata kupiga mkwaju, na aliyekosa anatoka kwa njano.

Kadi hii huniuma kuliko zote za njano, kwa kuwa mara nyingi huangukia kijana mtulivu aliyelipa madeni ya wakubwa wake. Nahodha mwema akishaonywa huwakusanya wenzake na kuwaeleza neno kwa neno alichoambiwa.

Hatua ya sita: jibu kwa kiwiko

Robo fainali ya Kombe la Dunia la 2019, mjini Oita, Japani. Ufaransa ilikuwa inaongoza Wales 19 kwa 10 na kipindi cha pili kilikuwa kichanga. Katikati ya msukumano, Sébastien Vahaamahina alimpiga Aaron Wainwright kiwiko usoni. Refa Jaco Peyper akaangalia picha, akatoa nyekundu. Zikiwa zimebaki dakika chache, Ross Moriarty, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametumikia kadi ya njano mapema katika mechi hiyo hiyo, akaifungia Wales trai. Ikaisha 20 kwa 19. Kesho yake Vahaamahina alitangaza kuacha raga ya kimataifa.

Linganisha wale wawili. Moriarty alikosea, akakaa dakika 10, akarudi, akawa shujaa. Kiwiko hakina njia ya kurudi.

Kwa nini kadi zimeongezeka

Wazee wanaouangalia mchezo huu siku hizi husema marefa wamelegea, wanatoa kadi kama karanga. Nawasikia, kwa kuwa zamani zilikuwa adimu kweli. Mchezaji wa kwanza kutolewa katika mechi ya kimataifa alikuwa Cyril Brownlie wa New Zealand, pale Twickenham, Januari 1925, kwa amri ya refa wa Wales Albert Freethy. Wenzake 14 waliishinda Uingereza 17 kwa 11. Kipenga alichotumia Freethy kimehifadhiwa, na ndicho kinachopulizwa kuanzisha mechi ya kwanza ya kila Kombe la Dunia. Mchezaji wa pili wa New Zealand kutolewa, Colin Meads, aliondoka uwanjani Murrayfield mwaka 1967. Wa tatu, Sonny Bill Williams, alitolewa Wellington mwaka 2017, kwa bega lililomfikia Anthony Watson kichwani.

Yaani katika miaka 92, timu hiyo kubwa ilipoteza wachezaji watatu. Wa nne, Scott Barrett, alifuata baada ya miaka miwili tu. Na mwaka 2023 kadi nyekundu zikaja miezi mitatu mfululizo: Barrett tena mwezi Agosti, Ethan de Groot Septemba, Cane Oktoba. Kombe la Dunia nalo linasema hayo hayo. Mwaka 2015 lilikuwa na kadi nyekundu moja. Mwaka 2019 zilikuwa nane.

Wachezaji hawakugeuka wahuni ndani ya miaka minne. Kilichobadilika ni thamani ya kichwa. Mwaka 2019, kabla ya mashindano ya Japani, World Rugby iliwapa marefa utaratibu wa wazi wa kuhukumu mikabo ya juu, na yale yaliyokuwa yakipita kama ajali yakaanza kuitwa kwa jina lake. Mwaka mmoja baadaye dunia ikamsikia Steve Thompson, aliyekuwa mbele kabisa kwenye skramu ya Uingereza ilipotwaa kombe mwaka 2003. Alikuwa na miaka 42, amegunduliwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na akasema hakumbuki kushinda kombe lile. Medali anayo, siku yenyewe hana.

Tangu niliposoma habari zake siwezi tena kulalamikia kadi inayoharibu mechi. Kwa sababu hiyo hiyo siishangilii kadi nyekundu mpya ya dakika 20, iliyotumika katika Six Nations ya 2025, ambayo inamruhusu kocha kuingiza mtu mwingine muda huo ukiisha. Wanaoitetea wanasema inaokoa mchezo, na kweli watazamaji wanabaki na mechi ya 15 kwa 15. Lakini kocha anayejua kwamba kosa litamgharimu dakika 80 hufundisha wiki nzima namna ya kuinama. Sitaki hofu hiyo imtoke.

Ukishapewa, fanya kama Larsen

Josh Larsen wa Canada alipewa nyekundu dhidi ya Afrika Kusini mjini Kobe mwaka 2019, kwa bega lililomfikia Thomas du Toit shingoni kwenye raki. Timu yake ilifungwa 66 kwa 7. Mechi ilipokwisha, Larsen alikwenda mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia nguo cha Afrika Kusini, akasimama mbele ya wachezaji wote, akaomba radhi. Wakampigia makofi na kumpa bia.

Kamba

Na sasa njia ya kukosa kadi. Niliiona kwenye uwanja wa shule, vumbi jekundu, watoto wa miaka 12 na 13. Mwalimu wao alifunga kamba kati ya milingoti miwili ya goli, usawa wa kifua cha mtoto wa wastani. Ng'ambo ya kamba aliweka gunia lililojazwa matambara. Kila mtoto alikimbia, akapita chini ya kamba bila kuigusa, akalipiga gunia kwa bega, mikono ikilizunguka. Aliyeigusa kamba alirudi nyuma ya foleni.

Kulikuwa na kijana mmoja mrefu kuliko wote. Aliigusa mara nne. Kila mara mwalimu alimfuata, akainama kando yake, akamgusa goti na kusema, "Hapa, baba, si mgongoni. Anzia hapa." Mara ya tano kijana akakunja magoti, akapita chini, gunia likaanguka naye juu yake, na kamba ikabaki imetulia. Wenzake wakapiga kelele kana kwamba amefunga trai.