Utetezi wa Nyaya Mbovu

Imepitishwa hapa Unyambwa, Singida, kwamba ile Land Rover 109 ya mzee jirani yetu ifumuliwe nyaya zote, ifungwe mpya. Hoja imeletwa na mwanawe aliyesomea umeme wa magari VETA, ikaungwa mkono na mama mwenye nyumba, na wapakiaji wa alizeti wakaipigia makofi. Nyaya zenyewe hazikuulizwa. Kwa kuwa hazina msemaji, na kwa kuwa mimi hupewa lifti ya bure katika gari hilo, naomba niseme kwa niaba yao.

Kwanza niondoe kashfa ya zamani. Vifaa vya umeme vya Land Rover za awali vilitoka kwa kampuni ya Lucas ya Birmingham, na Waingereza wenyewe wakamtania mwanzilishi wake, Joseph Lucas, kuwa ndiye Mwanamfalme wa Giza. Ni uonevu mtupu. Lucas alifariki mwaka 1902, na Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Tena marehemu alianza maisha akiuza mafuta ya taa, kwa hiyo alijua mapema kuliko wateja wake kwamba mwenye akili haweki tegemeo lote kwenye chanzo kimoja cha mwanga.

Waliomfuata walipanga kazi kwa adabu. Kila waya ulipewa rangi ya wajibu wake: kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja, mweupe ni wa swichi ya kuwashia, kijani ni wa vile vinavyopita kwenye fyuzi swichi ikishawashwa, buluu taa kubwa, mwekundu taa ndogo, mweusi ethi. Fyuzi zilikuwa mbili tu kwa gari zima, za ampea 35 kila moja, na taa kubwa hazikupewa hata moja. Angalia imani waliyokuwa nayo watu wale! Gari la siku hizi limejaa fyuzi na rilei, kila kifaa kinalindwa dhidi ya mwenzake, utadhani ni nyumba ya wake wenza.

Leo ukifungua boneti ya 109 yetu, rangi zote zimekuwa moja: vumbi la Singida lililokandwa na oili. Lakini usidanganyike, humo ndani kuna historia. Chini ya dashibodi utakuta waya mnene wa soketi za nyumbani, uliowekwa na fundi ambaye siku hiyo hakuwa na mwingine. Umeungwa na waya wa spika, nao wa spika ukaungwa na waya wa chaja ya simu ili kuipelekea umeme taa ya namba. Kiungo kimoja kimeviringishwa mfuko wa plastiki, na mfuko huo ni ushahidi kwamba kazi ilifanyika kabla ya Juni 2019, mifuko ilipopigwa marufuku. Olduvai wanasoma umri wa tabaka kwa majivu ya volkano. Unyambwa tunausoma kwa tepu. Ile iliyoyeyuka ikawa gundi ni ya enzi za mwalimu mstaafu aliyekuwa na gari kabla ya mzee. Ile inayong'aa ni ya mwezi uliopita. Kuzifumua nyaya hizi ni kuchoma nyaraka ambazo hakuna aliyewahi kuzinakili.

Tena gari hili ni la kabla ya 1967. Land Rover za wakati huo zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari yanayopita leo barabara ya Mwanza. Mwaka huohuo taifa lilipotangaza njia mpya pale Arusha, kiwanda nacho kiligeuza mambo, hasi ikaenda kwenye bodi. Ya kwetu haikupata waraka. Kila fundi mgeni anayekuja na betri huifunga kwa mazoea, halafu anasimama akishangaa sindano ya ampea ikienda upande usio wake. Redio nzuri zimefia humo. Sasa niambieni, ni chombo gani kingine kinachompa fundi mtihani kabla hajalipwa?

Hata hivyo utukufu wenyewe uko nyuma, kwenye taa. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, ndiyo maana bodi ya Land Rover ikatengenezwa kwa alumini, huku chesisi ikibaki ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana kwenye boliti, maji ya masika yakapita katikati, alumini inalika polepole na kuota unga mweupe. Umeme uliotakiwa kurudi kwenye betri kupitia bodi unakuta njia imezibwa. Haukati tamaa. Unapitia kwenye balbu ya jirani, hata kama jirani hahusiki. Basi mzee akikanyaga breki, endiketa inawaka. Akiwasha endiketa, taa ndogo nazo zinakonyeza. Kijana wa VETA anasema hiyo ni ethi mbovu, na kwamba dawa yake ni kukwangua boliti mpaka metali ing'ae na kuongeza waya wa kurudi kwenye chesisi. Mimi nimeishi nchi hii muda wa kutosha kuutambua Ujamaa nikiuona: hakuna taa inayowaka kwa faida yake peke yake, na hakuna inayowaka vizuri.

Za mbele ni walinzi wa maadili. Balbu ya volti 12 ikipata volti 10.8 tu, mwanga wake unabaki kama sehemu saba za kumi, na volti zikiendelea kushuka, mwanga unashuka kwa kasi kuzidi volti zenyewe. Za mzee zimepita viungo vingi hata sithubutu kuweka kipimo. Matokeo ni kwamba jua likianza kuelekea magharibi, popote alipo, mzee anageuza gari kurudi nyumbani. Hachelewi vilabuni, hagongi ng'ombe wa mtu usiku. Mama mwenye nyumba anayeunga mkono waya mpya na taa za kuangaza mpaka Manyoni afikirie vizuri anachokiomba.

Wezi nao wamenyooshwa. Kuliwasha gari hili kunataka ugeuze swichi, uiachie, ugonge kisanduku cha katauti kwa mpini wa bisibisi, usikilize, kisha ugonge tena kidogo ukiwa umepunguza hasira. Likikataa, kuna hendeli ya kuzungusha kwa mbele, na mkono wa asiyeijua huvunjika. Mzee hulaza gari juu ya mgongo wa kichuguu ili asubuhi literemke lenyewe, maana dainamo yake haioni haja ya kuchaji kila siku.

Kichuguu kisipotosha, watu huitwa. Hapo ndipo mtaa unapokutana. Tukiwa tumeinamia mlango wa nyuma tunapeana bei ya vitunguu, tunajua nani amelazwa, posa ya nani imekataliwa. Mwenyekiti wa mtaa anayelalamika kwamba mikutano yake haipati akidi angeitisha mkutano asubuhi gari linapogoma. Wajumbe wangekuwepo wote, tena wakiwa wametoka jasho.

Sijawasahau panya. Fungu la nyaya za kiwandani lilivikwa uzi wa pamba, na gari hubeba magunia ya alizeti kupeleka mashine za kukamua mjini. Punje zinazodondoka huwaita, pamba huwapa matandiko. Vizazi vya panya vimelelewa ndani ya dashibodi hiyo bila kulipa kodi, na ikiwa siku moja honi italia yenyewe wakati wa kutoa pole msibani, kama ilivyokwisha kutokea, jueni ni mtoto wao mdogo anaota meno.

Oktoba 2024 Land Rover kutoka kila pembe zilijipanga Arusha kuwania rekodi ya dunia ya msururu wa magari hayo. Yetu haikwenda. Ilikuwa tayari kabisa, ila kutoka hapa mpaka Arusha, kupitia Katesh na Babati, si barabara yote ni mteremko.

Nimeusikiliza mpango wa kijana, na lazima nikiri unatisha kwa unadhifu wake. Atatoa betri kwanza. Atafunga kikaratasi kwenye kila waya kueleza unakotoka na unakokwenda kabla ya kuukata. Atachagua unene kwa mzigo, waya wa stata mnene, wa taa ya dashibodi mwembamba. Kila saketi itapata fyuzi yake, na taa kubwa zitapewa rilei ili mzigo wake usipite tena kwenye swichi. Kila tundu kwenye bati litavalishwa mpira ili waya usikwaruzwe hadi ukapiga shoti. Kazi ya kupanga vikaratasi imeanza, na tayari kuna waya mmoja unaotoka nyuma ya spidomita usiokwenda popote, ila ukichomolewa, injini inazima.

Aliagiza rangi sita, kama za kiwandani. Mzee alimpa bodaboda hela, bodaboda akaenda mjini, akarudi na bunda moja kubwa la waya mwekundu, kwa sababu ndio uliokuwa na punguzo. Gari zima litafungwa kwa huo. Nimeliona bunda hilo likiwa juu ya kiti cha mbele, na nimepata matumaini.