Sifa za Boliti Iliyokatikia Ndani

Nzi alipata wa kumsifu. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata alimwandikia nzi sifa ndefu kuhusu mbawa na ushujaa wake. Upara nao ulitetewa na Synesius wa Cyrene, aliyekuja kuwa askofu. Boliti iliyokatikia ndani haijapata msemaji, ilhali hapa Kagio imewafunza watu adabu kuliko nzi na upara wakijumlishwa. Deni hilo linalipwa leo.

Tuanze na ukoo, kama ilivyo desturi ya kumsifu mtukufu. Boliti yetu ilizaliwa Japani, ikafungwa kwenye egzosti ya Probox. Ikiwa gari hilo liliishi kaskazini, basi ililelewa kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Sheria ya Kenya haikubali gari kuukuu lililopita miaka 8 liingizwe nchini, kwa hivyo ilishuka Mombasa ingali kijana, ikanusa upepo wa bahari, halafu ikapanda bara hadi Kirinyaga kubeba makreti ya nyanya. Kwenye njia za mashamba ya mpunga ya Mwea, udongo mweusi uliirukia mbichi, moto wa injini ukaukausha papo hapo. Aliyepata malezi hayo hatishiki akiona spana namba 12.

Elimu yake ni kutu. Wengi hudhani kutu ni udhaifu, kumbe kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Huvimba katikati ya meno ya boliti na meno ya tundu hadi mwanya unakwisha. Kadiri boliti inavyozeeka, ndivyo inavyozidi kushika. Ni wazee wangapi wamejaliwa hivyo?

Sasa tutazame uaminifu wake. Ni Jumamosi, mwenye gari ameamua kuokoa hela ya fundi. Analala chini ya gari, anavuta spana, haiendi. Anachomeka paipu kwenye mkono wa spana. Boliti ya unene wa milimita 8 hukazwa kwa nyutonimita zipatazo 25. Mwanamume wa kilo 80 akijitupa kwa uzito wake wote kwenye ncha ya paipu ya mita moja, anaizidishia zaidi ya 700. Boliti haimjibu kwa ukali. Kwanza inamsikiliza: spana inasogea kidogo, laini kabisa, naye anamwambia mkewe kwa furaha kuwa imelegea. Hapo ndipo inapolia tak! Kichwa kinaangukia mchangani kikiwa na alama mpya inayong'aa pale kilipokatikia, na mwili umebaki kazini. Tunao waheshimiwa wanaong'ang'ania kiti hata muhula ukiisha, lakini hao wanalipwa marupurupu. Boliti hushikilia zamu yake bila kichwa na bila posho.

Tena hujenga ujirani. Habari ikivuka ua, mmoja analeta dizeli, mwingine soda ya Coca-Cola, wa tatu anaapa kwa mafuta ya breki. Watu ambao hawajasalimiana tangu uchaguzi uliopita wanainama pamoja chini ya gari moja, wakimulika kwa simu, kila mmoja akieleza jinsi mwenzake anavyokosea. Hakuna baraza la chifu lililowahi kuwaleta karibu hivyo.

Uchumi nao hausahauliki. Drili inanunuliwa. Biti inateleza na kuchimba pembeni. Kinatafutwa kile chuma cha kutolea vigutu, chenye meno yanayozunguka kushoto. Nacho kinakatikia humo humo, na kwa kuwa ni chuma kigumu ambacho biti hukichimba kwa shida, tundu lile sasa lina walinzi wawili. Hatimaye gari linakokotwa hadi kwa fundi wa jua kali.

"Mzee, ulivuta na nini?"

"Na paipu kidogo."

"Ya urefu gani?"

Mwenye gari anatazama migomba.

Fundi hacheki, maana mteja ni mteja. Anaweka nati juu ya kigutu, anachomelea katikati ya nati mpaka vyote viwe kitu kimoja, kisha anakaa kitako na kuagiza chai. Mwenye gari anadhani ni uvivu. La, hiyo chai ndiyo ufundi wenyewe: kigutu kilichovimba kwa moto lazima kipoe na kusinyaa ili kutu ipasuke. Kikombe kikiisha, anashika spana, anarudisha nyuma kidogo, mbele kidogo, na boliti inatoka ikikwaruza. Kilichoshinda paipu kimeshindwa na subira ya chai, na somo hilo limelipiwa kwa bei ile ile aliyokuwa akiikimbia.

Mwisho, fundi ataokota boliti mpya na kuuliza kama aipake grisi ya shaba, ile inayozuia kutu isishike. Ni matone tu, wala haiongezi bei. Mkatalie kabisa. Mwambie aikaze kavu, na akipenda aiongezee nguvu. Gari hili iko siku utamwachia mwanao, naye atahitaji kujuana na majirani.