Jinsi ya Kuwapenda Watu Wenye Ulemavu Bila Kuwaajiri

Hotuba ya Mbobezi katika kikao kazi cha waajiri, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wakurugenzi, mameneja rasilimali watu, ndugu wanahabari mnaosubiri bahasha, itifaki imezingatiwa.

Nimeambiwa nijitambulishe kwa ufupi, jambo gumu kwa mtu wa kiwango changu. Mimi ni mbobezi wa ajira jumuishi. Ubobezi huu sikupewa na chuo, maana vyuo vina urasimu. Nilijitangazia mwenyewe, nikachapisha kadi, na tangu hapo simu yangu haijapoa. Nimealikwa kwenye makongamano mpaka mikoba ya makongamano imejaa nyumbani, mama watoto anaigawa kwa majirani. Na miaka yote hiyo sijawahi kukaa ofisi moja na mtu mwenye ulemavu. Ndiyo maana mawazo yangu ni safi, hayajaharibiwa na uzoefu.

Nianze na sheria, kwa kuwa mwajiri anayeiogopa huikwepa ovyo ovyo, na kukwepa ovyo ovyo ndiko kunakoleta kesi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe kwamba asilimia 3 yao, kwa uchache, ni watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Chukueni kalamu. Asilimia 3 ya watu 20 ni mtu 0.6. Nawauliza enyi wasomi, mtu 0.6 ni nani? Akija kazini tumpe kiti au kigoda? Posho yake ya chakula tuikatie wapi? Mteja wangu mmoja ana wafanyakazi 19, na wamekuwa 19 tangu tufahamiane. Wa 20 yupo, mrefu, anasalimia vizuri, ila mshahara wake unatoka kwenye kampuni ya shemeji.

Wenye wafanyakazi 200 hamna bahati hiyo. Kwenu hesabu inatoka 6 kamili, bila huruma, kwa hiyo tunaachana na hesabu na kuingia kwenye uandishi wa matangazo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu wake. Basi msimbague. Mwachieni tangazo. Hakuna tangazo lililowahi kuitwa CMA, kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kujieleza. Mnatafuta mhasibu? Andikeni awe na leseni ya udereva, awe tayari kusafiri mikoani wakati wowote, awe na afya njema ya mwili, awe mkakamavu na mwenye mwonekano wa kuvutia. Mhasibu mwenyewe mtamweka chumba cha nyuma, karibu na stoo, na gari la kampuni limelala gereji tangu masika, lakini hilo halihusiani na leseni. Mkimaliza, mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, ongezeni kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Himizeni sana. Kuhimiza hakukatwi kodi.

Wapo wabishi ambao tangazo haliwatoshi. Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu mwaka jana nilikaa kwenye kamati ya usaili ya mteja wangu, na nilijifunza mengi ambayo leo mnayapata kwa ada ya kiingilio tu.

Aliitwa binti mmoja. Kwenye sivii alikuwa hatari tupu: shahada ya kwanza, CPA(T), miaka kadhaa ya kukagua hesabu za watu. Siku ya usaili akashuka kwenye teksi na kiti mwendo. Kabla hajafika mapokezi, mlinzi akamuwahi getini akamwambia kwa adabu zote, "Dada yangu, leo siyo Ijumaa." Wakazi wa mji huu mnaelewa: sadaka hutolewa Ijumaa. Binti akatoa barua ya kuitwa. Mlinzi akaisoma, akaigeuza, akapiga simu juu kuuliza kama barua za watu zimeanza kuibwa.

Usaili ulikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ipo, ila ilishakuwa kabati la karatasi za fotokopi. Njia ya mteremko ipo pia, tuliijenga kwa ajili ya kibali cha jengo. Siku hiyo ilikuwa imeegeshwa pikipiki ya tarishi, na hata pikipiki ikitolewa, mteremko wenyewe ni mkali kiasi kwamba tarishi hushuka na kuisukuma. Basi vijana wanne wakambeba binti pamoja na kiti, ngazi kwa ngazi, wakipigiana kelele "shika huku, legeza hapo" kama wanahamisha friji. Akafika juu, akatengeneza kilemba, akatusabahi.

Kamati ikamhoji kwa kina. Tulimuuliza anaishi na nani. Tulimuuliza anaogaje. Mama mmoja wa utawala, mcha Mungu sana, alimuuliza kama amewahi kuombewa. Tulitaka kujua ilikuwaje, alizaliwa hivyo au ni ajali, na kama ni ajali, dereva alikamatwa? Swali la uhasibu lilikuwa moja tu, na aliliuliza yeye: akaunti za benki za kampuni zinasuluhishwa kila mwezi au mnasubiri mkaguzi aje? Kamati ikatazamana. Hatukuwa tumejiandaa kwa maswali magumu.

Alipomaliza, nusu ya kamati ilikuwa inafuta machozi. Mwenyekiti aliguswa mpaka akatoa noti ya elfu kumi mfukoni mwake mwenyewe, ya nauli. Binti akaisogeza, akaibana chini ya kopo la kalamu, akasema asante, nauli anayo. Kwenye fomu, sehemu ya maoni, tuliandika: "Ana sifa zote ila ushirikiano ni mdogo." Nafasi akapewa kijana ambaye bado anarudia mitihani ya bodi, lakini anapanda ngazi mbili mbili.

Nasikia mnanong'ona kuhusu gharama, na mna haki. Meneja mwenzenu aliniletea maombi ya mtu asiyeona aliyesoma ualimu, anataka kazi ya huduma kwa wateja, ya kupokea simu. Meneja alikuwa ameshapiga hesabu: huyu atahitaji msaidizi, atahitaji vifaa, atahitaji uangalizi. Ikabidi twende kumwona mkurugenzi wake.

Tulimkuta anashuka kwenye gari. Dereva alimfungulia mlango, kwa kuwa mkurugenzi hawezi kuendesha gari na kuongea na simu kwa wakati mmoja. Mhudumu akamchukulia mkoba. Ndani, katibu muhtasi akamsomea barua pepe za asubuhi, naye akayataja majibu kwa mdomo, katibu akachapa. Kijana wa tehama alipanda kutoka chini kuja kumuunganishia kompyuta na projekta, kazi ya waya mmoja. Kiti alichokalia kiliagizwa Ulaya kwa ajili ya mgongo wake, na miwani ya kusomea ilikuwa mitatu: ya ofisini, ya kwenye gari na ile anayoitafuta kila siku. Mtu mzima kabisa, asiyeweza jambo hata moja bila watu wanne na vifaa vya mamilioni, na sijasikia mtu akimwita mzigo.

Yule mwalimu asiyeona alikuwa anaomba kompyuta ile ile mliyonayo, iwekwe NVDA, programu inayosoma maandishi kwa sauti na ambayo hutolewa bure, pamoja na spika za masikioni, zile mnazonunua Kariakoo. Mkurugenzi alipoambiwa akashika kichwa. Akauliza fungu liko wapi. Tukafungua bajeti. Dereva ana fungu, kiti cha mgongo kina fungu, hata maua ya mapokezi yana fungu. Spika za masikioni za asiyeona hazina fungu. Na mimi kama mbobezi nasema wazi, kitu kisicho na fungu hata kikiwa cha bure hakinunuliki.

Kwa viziwi sitachukua muda wenu. Meneja mmoja alinilalamikia kwamba akimwajiri kiziwi, hatafuatilia vikao vya Jumatatu. Nikamwomba anieleze kikao cha Jumatatu iliyopita kiliamua nini. Hadi leo anatafuta muhtasari.

Msije mkasema nawafundisha kukataa tu. Tumewahi kuajiri! Mteja wangu mwingine alimwajiri kijana mwenye ualbino, kwa mkataba kabisa, na picha zikapelekwa gazetini. Tukampa kazi ya kukusanya ushuru wa maegesho, uwanja wa wazi, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, katika jua la Dar es Salaam. Kijana alikuja na kinga zake: mafuta ya ngozi yanayotengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino, shati la mikono mirefu, na kofia pana. Kofia tukaikataza kwa kuwa haina nembo ya kampuni. Akaomba ahamishiwe dirisha la risiti, ambalo liko kivulini, hatua chache tu. Tukamweleza kwamba dirisha lina ngazi yake ya mshahara. Alipoanza kutoka vidonda na kuacha kazi, tuliandika ripoti nzuri sana juu ya ugumu wa kuwabakiza kazini watu wa kundi hili.

Mtu mmoja atawatupia jina la Dk. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino, aliyeteuliwa naibu waziri mwaka 2015 na balozi wetu Ujerumani mwaka 2017. Msibishane naye. Pigeni makofi kuliko wote. Semeni mnamheshimu mno, ni mfano wa kuigwa, ulemavu siyo kushindwa. Mkishapiga makofi ya kutosha, hakuna atakayekumbuka kuuliza kwenu wako wangapi.

Ila Ujerumani penyewe msipataje sana. Kule mwajiri mwenye nafasi za kazi 20 na zaidi anatakiwa kuwa na asilimia 5 ya watu wenye ulemavu mkubwa, na asipofikisha analipa tozo kwa kila nafasi iliyopungua. Analipa kwa fedha. Ombi langu kwa wanahabari: sehemu hii isitoke, Dodoma wanasoma magazeti. Mimi navutiwa zaidi na majirani zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inataka asilimia 5 katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, ila utekelezaji uwe wa hatua kwa hatua. Hatua kwa hatua! Nimeyasoma maneno hayo usiku, peke yangu, nikatabasamu.

Sasa tufike penye raha, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Hii haitaki ajira, inataka fulana. Chapisheni fulana, kodini turubai, nunueni mchele, sukari, sabuni ya kipande na viti mwendo kadhaa. Mkurugenzi akabidhi mfano wa hundi, ule mkubwa kama mlango, ili tarakimu zionekane hata kwa walio mbali. Kampuni moja ilitoa viti mwendo vizuri sana. Wanufaika wakataka kuja ofisini kushukuru, ikabidi washukuru wakiwa barabarani, kwa sababu ya ngazi.

Kuna bwana wa itifaki aliniuliza: na mfanyakazi wetu wenyewe akipata ulemavu? Swali la maana katika mji wa bodaboda. Karani wa mteja wangu aligongwa asubuhi akiwahi kazini, akalazwa hospitali ya mifupa, MOI, akarudi na magongo mawili na mikono yake yote miwili, ile ile iliyokuwa inachapa barua zetu. Tulimpokea kwa nyimbo na keki. Kisha tukampa likizo ya kupumzika, tukairefusha, tukairefusha tena, na keki ilipokwisha na yeye akawa amekwisha. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mimi nimeongezea kwenye mwongozo wangu, unaouzwa pale mlangoni: ukishaumbika, piga simu kabla ya kuja.

Naam, naona mkono nyuma kabisa. Bwana mwenye fimbo nyeupe, karibu sana, umetutia moyo kwa kuja tu. Anauliza kama mada yangu inapatikana kwa nakala laini aisome kwenye simu yake. Haipatikani, bwana, mada yangu yote ni picha. Ana swali la pili. Anauliza kama kabla ya kuandaa hotuba hii niliwahi kumuuliza mtu yeyote mwenye ulemavu anahitaji nini kazini. Swali zuri mno. Kwa uzuri wake halifai kujibiwa haraka haraka na watu wenye njaa, tunalipeleka kwenye kamati ndogo. Anasema yeye ni meneja rasilimali watu. Haya, makofi kwake tafadhali. Katibu, mwekee alama ya vema kwenye ile safu ya ulemavu, mheshimiwa mgeni rasmi ataulizia idadi.

Kabla ya chai tunapiga picha ya pamoja. Wakurugenzi mstari wa mbele, bango lisizibwe. Bwana mwenye fimbo aje katikati, fimbo ionekane. Mkurugenzi, sogea, mshike bega. Siyo hivyo, mshike kama mnafahamiana.